Likizo ya majira ya baridi katika hoteli za ufukweni za "kila kitu ndani": mwenye watoto achague bahari kwanza, hoteli baadaye

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Kila ikikaribia Desemba, familia nyingi zinazoishi kwenye nchi za theluji hurudia swali lile lile: tuwapeleke wapi watoto wakapate jua walau kwa wiki moja, bila wazazi kugeuka wapishi, madereva na wahasibu wa safari? Jibu la haraka huwa ni hoteli ya ufukweni ya ukanda wa joto ambayo bei yake hubeba chumba, chakula, vinywaji na michezo kwa pamoja. Unalipa mara moja, unavishwa bangili mapokezi, na baada ya hapo pochi inakaa kwenye sefu ya chumbani. Nimesafiri kwa mtindo huu watoto wakiwa wadogo na hata walipokua, na bado nauona unafaa. Ninachopingana nacho ni utaratibu wa kuchagua. Watu huanza na picha za hoteli, wakaja kwenye idadi ya migahawa, wakamalizia na bei. Bahari yenyewe wanakutana nayo asubuhi ya kwanza wakishafika. Hoja yangu ni kwamba mwenye watoto aanze na bahari: pwani ipi, mwezi upi, na ufuo upi hasa. Bafe hufanana karibu kila mahali, lakini maji hayafanani.

Nianze na majira. Tunapotaja majira ya baridi tunazungumzia Desemba hadi Machi kwa upande wa kaskazini wa dunia, na wengi hudhani kwamba katika miezi hiyo ukanda wote wa joto uko kwenye kiangazi. Sivyo. Karibiani iko nje ya hatari kubwa, kwa kuwa msimu rasmi wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba. Maldivi nayo inakuwa kwenye miezi yake mikavu. Morisi, kinyume chake, iko katikati ya msimu wa vimbunga unaoanza Novemba hadi Aprili, sawa na Fiji huko Pasifiki. Na kwenye pwani ya kaskazini ya Queensland, Australia, miezi hiyo ndiyo ya konyeza, wale viumbe laini wa baharini, wenye sumu kali, kiasi kwamba kwenye fuo nyingi watu huogelea ndani ya nyavu zilizowekwa kwa kazi hiyo.

Hata nchi moja huweza kuwa na majira mawili kwa wakati mmoja. Phuket na Krabi, zilizo upande wa Bahari ya Andaman nchini Thailand, huwa kavu kuanzia Novemba hadi Aprili, ilhali Koh Samui, iliyo upande wa ghuba, hupata mvua zake nyingi kati ya Oktoba na Desemba. Sri Lanka ni vivyo hivyo: pwani ya kusini-magharibi, kuanzia Bentota hadi Unawatuna, hutulia Desemba hadi Machi, lakini Trincomalee na Arugam Bay, upande wa mashariki, hufaa zaidi katikati ya mwaka. Kwa hiyo mtu akikuambia anakwenda Thailand Desemba, muulize upande gani kabla ya kumpongeza.

Karibiani pia ina jambo lake ambalo vipeperushi havilisemi. Kati ya Novemba na Februari, rasi ya Yucatán nchini Meksiko na upande wa magharibi wa Kuba hupitiwa na hewa ya baridi inayoshuka kutoka Amerika ya Kaskazini. Wameksiko huiita "norte". Ikifika, mawingu hujaa, upepo hugeuka na kutoka kaskazini, mawimbi huinuka, bendera nyekundu hupandishwa, na usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Kwa kawaida hali hiyo hudumu siku moja au chache kisha jua likarudi, lakini kwa mwenye siku saba tu hasara hiyo si ndogo. Dawa yake ni bwawa, na hapo ndipo panapohitaji swali ambalo wachache huliuliza: je, bwawa linapashwa joto? Bahari ya Cancún hubaki karibu nyuzi 26 hata Januari, wakati bwawa lisilopashwa joto, likipigwa na upepo wa usiku kucha, huweza kuwa baridi kuliko bahari. Mtoto wa miaka mitatu ataingia kwa furaha, na dakika kumi baadaye atatoka meno yakigongana, amejikunyata ndani ya taulo, na hatataka kurudi siku nzima.

Baada ya pwani na mwezi, nenda kwenye ufuo wenyewe. Mfano mzuri ni Cancún. Eneo lake la hoteli ni ulimi wa mchanga wenye umbo la namba 7. Mkono mfupi wa juu unatazama kaskazini, kwenye maji yanayokingwa na kisiwa cha Isla Mujeres, na kwa kawaida huwa na kina kidogo na mawimbi madogo. Mkono mrefu unatazama mashariki, wazi kabisa kwa bahari kuu, na mawimbi huvunjikia karibu na nchi kavu huku mikondo ikiwa na nguvu. Hoteli za mikono yote miwili hujitangaza kuwa ziko ufukweni Cancún. Kwenye mkono mmoja mtoto wa miaka mitano hukaa majini na ndoo yake. Kwenye mwingine utamshika mkono muda wote, na siku nyingine hutamwingiza kabisa.

Hivyo ndivyo ilivyo Punta Cana katika Jamhuri ya Dominika, ambako ufuo wa Bávaro una mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi mbali na ufuo, lakini ukipanda kaskazini hadi Uvero Alto bahari inakuwa wazi na kali. Barbados, pwani ya magharibi ni tulivu na ile ya mashariki, pale Bathsheba, ni ya wateleza mawimbi. Jamaika, Negril iko ncha ya magharibi, na kisiwa chenyewe kinaikinga na pepo za kaskazini-mashariki zinazovuma karibu mwaka mzima. Ukishaelewa kwamba katika Karibiani upepo wa kawaida hutoka mashariki, ramani yenyewe itakuambia mengi kabla hujafungua picha hata moja.

Jambo la jua linahitaji maneno machache. Kwanza, mchana wa ukanda wa joto ni mfupi kuliko wengi wanavyotarajia. Jimbo la Quintana Roo, lenye Cancún, lilisogeza saa zake mbele tarehe 1 Februari 2015 ili wageni wapate mwanga zaidi alasiri, na hata hivyo Desemba jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni. Anayeamka saa tano asubuhi amekwisha kupoteza sehemu bora ya siku. Pili, Shirika la Afya Duniani linashauri kujikinga pale kipimo cha miale ya urujuanimno kinapofika 3. Karibu na ikweta, adhuhuri ya Januari hupita 11, ambayo ni daraja la juu kabisa. Ngozi nyeusi nayo huungua, hasa ikiwa imekaa miezi mingi ndani ya koti. Fulana za kuogelea za mikono mirefu hufanya kazi kubwa kuliko mafuta, ingawa mafuta ya kujikinga na jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, yanayopakwa upya kila baada ya saa mbili, hayaepukiki usoni na miguuni. Mtoto wa chini ya miezi sita akae kivulini. Someni pia maandishi ya kwenye chupa: Palau tangu 2020 na Hawaii tangu 2021 zimekataza mafuta yenye kemikali zinazodhuru matumbawe, oksibenzoni ikiwa mojawapo.

Mwisho ni mkataba. Maneno "kila kitu" yana mipaka katika kila hoteli, na mipaka hiyo imeandikwa, ila imeandikwa kwa herufi ndogo. Mara nyingi nje ya bei hubaki usafiri wa kutoka uwanja wa ndege, safari za boti, huduma za masaji, mlo wa kamba wa baharini na aina fulani za vinywaji, na malezi ya watoto usiku. Katika Quintana Roo manispaa hutoza ada ya mazingira kwa kila chumba kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa mapokezi. Maldivi hutoza kodi ya kijani ambayo tangu Januari 2025 ni dola 12 za Marekani kwa kila mgeni kwa usiku katika hoteli za visiwani, watoto wa chini ya miaka miwili wakisamehewa. Huko huko Maldivi, ndege ndogo za kutua majini huruka mchana tu. Ndege yako kubwa ikifika jioni, utalala karibu na uwanja kwa gharama yako huku usiku wa kwanza wa hoteli ukiwa umekwisha kuulipia. Na wale wa tarehe za sikukuu waangalie kama mlo wa tarehe 24 na 31 Desemba unatozwa kwa lazima, kwa sababu katika hoteli nyingi ndivyo ilivyo. Anayeweza kuwatoa watoto shule atakuta bei nafuu mwanzoni mwa Desemba au baada ya wiki ya kwanza ya Januari.

Karibuni mchangie.

Mama Pacha

Asante sana mleta uzi kwa maelezo yaliyokwenda shule. Nina mapacha wa miaka minne na binti wa miaka kumi na mmoja. Baba yao hapati likizo, hivyo nitasafiri nao peke yangu mwezi Januari. Naomba ufafanuzi kuhusu vyumba na kuhusu zile klabu za watoto, maana kila hoteli inadai inazo. Je, kuna karatasi zozote ninazopaswa kubeba kwa kuwa sisafiri na mwenzangu?

Mleta uzi

Karibu Mama Pacha.

Nianze na karatasi kwa kuwa ndizo zinazoweza kukukwamisha uwanjani. Mwombe baba yao aandike barua ya ridhaa inayotaja majina ya watoto, namba za pasipoti, tarehe na mahali mnapokwenda, pamoja na namba yake ya simu, kisha aitie saini mbele ya wakili. Beba na nakala za vyeti vya kuzaliwa, hasa kama jina lako la ukoo si lile la watoto. Si kila nchi huidai, lakini afisa wa mpakani au wa shirika la ndege ana haki ya kuuliza, na ukiwa huna utabaki unajieleza huku foleni ikisogea. Ukienda Jamhuri ya Dominika, kuna fomu ya mtandaoni ya kuingia na kutoka ambayo ni ya bure. Tovuti zinazoitoza fedha si za serikali.

Kuhusu vyumba, hoteli nyingi hupanga bei kwa watu wazima wawili ndani ya chumba kimoja, kwa hiyo mzazi mmoja na watoto watatu ni hesabu isiyokaa kwenye mfumo wao. Usikubali mfumo ukupe vyumba viwili vilivyo jirani tu. Vyumba jirani vinaweza kuwa vimepakana lakini kila kimoja na mlango wake wa nje, na mapacha wa miaka minne hawalali upande wa pili wa ukuta. Unachotaka ni vyumba viwili vinavyofunguana kwa mlango wa ndani, au chumba kimoja chenye sebule na kitanda cha kukunjua. Omba uthibitisho kwa maandishi. Nimeona familia zikielezwa mapokezi kwamba "ombi lilipokelewa ila halikuwa ahadi", na kwa mujibu wa mkataba wao mhudumu alikuwa sahihi.

Klabu za watoto hupokea kwa kawaida kuanzia miaka minne hadi kumi na miwili, na mtoto awe ameacha nepi. Mapacha wako wamefika mlangoni tu, kwa hiyo ulizia kama umri unahesabiwa siku ya kuingia hotelini au siku ya kulipia. Binti wa miaka kumi na mmoja ndiye wa kufikiriwa zaidi, kwa sababu klabu nyingi humweka chumba kimoja na wanaopaka rangi picha za samaki, na siku ya pili atakataa kwenda. Tafuta hoteli inayowatenga watoto wakubwa na wadogo, na yenye masomo ya kupiga mbizi kwa bomba la hewa au ya mashua ndogo.

Hesabu Kwanza

Mleta uzi, nakubaliana nawe kuhusu bahari, lakini naona umezipa hoteli hizi heshima kubwa kupita kiasi. Familia ya watu wanne ikipanga nyumba yenye jiko karibu na ufuo huo huo, ikanunua samaki na matunda sokoni, itatumia fedha kidogo na itauona mji. Ndani ya hoteli mnalipia vinywaji ambavyo wazazi hawanywi, mnakula kupita kiasi kwa kuwa kimekwisha kulipiwa, na watoto wanarudi nyumbani hawajui hata nchi waliyokwenda inaongea lugha gani. Fedha zenyewe sehemu kubwa hurudi kwa makampuni ya nje, huku mwenye mgahawa wa nje ya geti akiangalia mabasi yakipita.

Mleta uzi

Ndugu Hesabu Kwanza, hoja yako kuhusu mwenye mgahawa wa nje ya geti sina la kuipinga, na ndiyo sababu nashauri kila familia itoke angalau mara moja, ipande basi la kawaida au teksi iliyokubaliwa bei, ikale mjini.

Hata hivyo, mtindo huu haukuanza kwa anasa. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alifungua kambi ya kwanza ya likizo ya Club Med huko Alcúdia, kisiwani Mallorca. Watu walilala kwenye mahema, wakala meza moja na kucheza pamoja, na baadaye vinywaji vya baa vikawa vinalipiwa kwa shanga. Yaani tangu zamani kulikuwa na kitu kilichobaki nje ya bei. Jamaika ndiyo iliyoupeleka mtindo huo upande wa starehe za wapenzi: Gordon Stewart alifungua hoteli ya kwanza ya Sandals huko Montego Bay mwaka 1981 kwa ajili ya wanandoa. Hadi leo hoteli nyingi za Karibiani hazipokei watoto kabisa, na kampuni moja huweza kuwa na jengo la watu wazima pekee likipakana na la familia, yote mawili kwa jina linalokaribiana. Hakikisheni mmelipia lile lenye kupokea watoto.

Kuhusu gharama, hesabu yako ni sahihi kwa watu wawili, au kwa familia yenye vijana wa miaka kumi na mitano wanaoweza kutembea na kusubiri chakula. Kwa mwenye watoto wadogo, kinachonunuliwa si chakula bali ni kuondokewa na maamuzi: mtoto akiacha sahani yake ya tatu bila kuigusa, hakuna anayehesabu, akitaka juisi saa nne asubuhi, anaichukua. Wazazi wasiokunywa pombe wana haki ya kulalamika, lakini hoteli kadhaa huuza daraja la chini lisilo na vinywaji vikali, na ni vyema kuliulizia kwa sababu halitangazwi sana.

Niongeze tahadhari moja kwa wanaokwenda Meksiko. Asubuhi ya kwanza huenda ukakaribishwa "kifungua kinywa maalumu" chenye zawadi ya safari ya boti. Ni mauzo ya hisa za likizo, yaani haki ya kutumia chumba cha hoteli kwa siku fulani kila mwaka, na kikao kilichoahidiwa kuwa cha saa moja na nusu hula siku nzima. Ukishawishika ukasaini, sheria ya nchi hiyo inakupa siku tano za kazi za kuvunja mkataba bila adhabu. Fanya hivyo kwa maandishi na uhakikishe unapewa nakala iliyogongwa mhuri.

Nanga

Naomba niongezee kuhusu Zanzibar, kwa sababu uzi umekaa Karibiani muda mrefu na kanuni zake si za huku kwetu. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto ni kali, na bahari kwa jumla ni njema. Tofauti kubwa ni kupwa na kujaa kwa maji. Karibiani maji hupanda na kushuka chini ya nusu mita katika sehemu nyingi, kwa hiyo mgeni wa huko hajui hata kwamba bahari huondoka. Zanzibar, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti hufika kama mita nne. Katika pwani ya mashariki, Paje, Jambiani na Matemwe, maji yakipwa huenda mbali mamia ya mita hadi karibu na mwamba, na mbele ya hoteli hubaki mchanga, madimbwi na mashamba ya mwani.

Zingatieni saa zake. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa karibu saa kumi na kupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne asubuhi ndiyo hasa saa ambayo watoto wamemaliza chai na wanataka kuogelea. Wiki inayofuata, maji yakiwa mafu, yaani yakipanda na kushuka kidogo, mpangilio hugeuka: asubuhi kuna maji ya kutosha na tofauti yenyewe ni ndogo. Kwa hiyo mwenye kuweka nafasi pwani ya mashariki aangalie mwezi kabla ya kuangalia bei. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Kendwa au upande wa magharibi wa Nungwi. Binafsi sioni kupwa kuwa hasara. Watoto wakivaa viatu vya mpira kwa ajili ya wale viumbe wenye miiba, wanaweza kutembea juu ya sakafu ya bahari asubuhi nzima. Ila wajue mapema kwamba wamekuja kutembea.

Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anatakiwa pia kununua bima ya safari ya Zanzibar yenyewe, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine.

Muuguzi wa Zamu

Nanga amenifurahisha. Mimi nitasema ya afya, kwa ufupi.

Wazazi waliozaliwa kwenye maeneo ya malaria hudhani kinga yao bado ipo na kwamba watoto wamerithi. Kinga hiyo hupungua mtu akikaa mbali kwa miaka, na mtoto aliyezaliwa nchi ya baridi hana kabisa. Onaneni na kliniki ya wasafiri wiki kadhaa kabla ya safari. Kwa Karibiani wasiwasi mkubwa ni homa ya dengi, na mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi.

Kwenye bafe, angalieni joto. Chakula cha moto kinapaswa kukaa juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5. Sinia la wali lililopoa saa nane mchana, hata likipambwa vipi, liacheni. Nendeni pale mpishi anapokaanga mayai au kuchoma samaki mbele yenu. Bebeni pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, kwa sababu mtoto anayeharisha kwenye joto hukauka haraka.

La muhimu kuliko yote ni maji yenyewe. Mabwawa mengi ya hoteli hayana mwokoaji, na mtoto anayezama hapigi kelele. Hatari huwa kubwa pale ambapo watu wazima ni wengi, kwa kuwa kila mmoja anaamini mwingine anaangalia. Pangianeni zamu: mmoja anatazama, hana simu mkononi, hana kinywaji, na zamu yake ikiisha anamkabidhi mwenzake kwa kumtajia jina. Baharini, mkondo unaorudi kilindini huweza kufika kasi ya mita 2.5 kwa sekunde, ambayo hata bingwa wa Olimpiki haishindi. Ukikushika usipambane nao. Elea, ogelea sambamba na ufuo hadi utoke ndani yake, kisha ndipo urudi. Na bendera zisomwe: nyekundu ni hatari kubwa, na Meksiko kuna nyeusi, ambayo hukataza kabisa kuingia majini.

Mama Pacha

Nawashukuru wote, na dada Muuguzi amenitisha kwa faida. Sasa nimebaki na hoteli mbili kwa wiki ya tatu ya Januari. Moja iko Cancún, ule mkono mrefu unaotazama mashariki, ina mabwawa sita na mabomba ya kuteleza. Nyingine iko Bávaro, majengo yake ni ya zamani kidogo, ina mabwawa mawili tu na mteremko mmoja mdogo. Bei zinakaribiana. Binti anataka ya Cancún.

Mleta uzi

Mama Pacha, ningechukua Bávaro. Uko peke yako na watoto watatu, wawili kati yao wa miaka minne tu, na huna wa kupokezana naye ile zamu aliyoieleza Muuguzi. Mabwawa sita kwako ni sehemu sita za kuwatafuta, na mabomba ya kuteleza mara nyingi huwa na kipimo cha urefu ambacho mapacha hawatakifikia, kwa hiyo binti atateleza huku wao wakilia chini. Januari ni mwezi wa norte upande wa Cancún; Punta Cana iko mashariki zaidi na hewa hiyo huifikia kwa nadra na ikiwa imedhoofika. Ukiwa na mwamba wa matumbawe mbele yako, una nafasi nzuri ya kuingia baharini siku nyingi za wiki yako, ingawa bendera ya asubuhi ndiyo yenye neno la mwisho.

Binti mtafutie jambo lake: mwandikishe somo la kupiga mbizi kwa bomba la hewa siku ya kwanza, kabla nafasi hazijajaa.

Kabla ya kulipa amana, waandikie barua pepe uwaulize mambo manne: kama vyumba vinafunguana kwa mlango wa ndani na kama wanaahidi au wanapokea ombi tu; kama bwawa la watoto linapashwa joto Januari; kama kuna mwokoaji ufukweni na anakaa hadi saa ngapi; na ni ada zipi zitalipwa mapokezi. Wakijibu matatu na kuliruka la bwawa, chukulia kwamba halipashwi joto, uwafungashie mapacha fulana nene za kuogelea.